Maswali ya Sheria: Amri ya kutomkaribia mtu hubadilishwa vipi, na nani anaweza kuifuta?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja: amri za mahakama za Kenya zinazomkataza mtu kukutana na mwenzake, kumpigia simu au kukaribia anapoishi. Kabla ya kujibu, tunamwomba kila msomaji aitoe karatasi yake na kuitazama vizuri. Amri hizi zina vyanzo vitatu na kila kimoja kina njia yake. Kuna masharti ya dhamana, yanayowekwa kesi ya jinai ikiwa bado inaendelea. Kuna amri ya ulinzi inayotolewa chini ya Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya 2015, ambayo haihitaji mtu awe amehukumiwa kwa kosa lolote. Na kuna masharti ya probesheni, anayopewa mtu aliyepatikana na hatia akaachiliwa chini ya uangalizi. Ukikosea hapo mwanzoni, ombi lako litazunguka masjala kwa masjala bila kusikizwa.

Mke wangu ameniita mwenyewe nirudi nyumbani

*Mwaka jana mke wangu alichukua amri ya ulinzi dhidi yangu. Tangu hapo wazee wa pande zote mbili wametukalisha, tumesameheana, na yeye mwenyewe amenipigia simu nirudi. Jirani ananionya kwamba nikirudi nitashikwa. Kwani amri si ya mke wangu? Akiniruhusu, inabaki na nguvu gani? – Baba watatu, Kakamega*

Jirani yako amekwambia ukweli, ndugu. Mke wako aliiomba amri hiyo, lakini aliyeitoa ni hakimu, na ni mahakama pekee inayoweza kuilegeza au kuiondoa. Anayeivunja bila sababu ya msingi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 12, au kupewa adhabu zote mbili. Isome karatasi yako neno kwa neno. Baadhi ya amri zina aya inayoruhusu kukutana endapo anayelindwa amekubali kwa maandishi. Kama yako ina aya hiyo, ifuate jinsi ilivyoandikwa, na karatasi ya idhini uwe nayo mkononi. Kama haina, simu ya mke wako haikupi ruhusa yoyote.

Tunalisisitiza hili kwa sababu tunajua mambo yanavyoharibika. Mume anarudi kimyakimya, wiki tatu zinapita kwa amani, halafu Jumamosi moja kunatokea ugomvi mdogo wa maneno. Mtu anapiga simu kituoni. Polisi wanafika, wanaona amri yenye muhuri ambayo haijabadilishwa, na kumkamata. Hapo hakuna anayeuliza ni nani aliyempigia nani simu.

Njia ya halali si ngumu. Nenda katika mahakama ileile iliyotoa amri, ukiwa na nambari ya kesi ileile. Usifungue kesi mpya. Utawasilisha notisi ya ombi, yaani karatasi inayosema unaomba nini, pamoja na hati ya kiapo inayoeleza kwa nini unaomba. Hati hiyo unaapa mbele ya kamishna wa viapo, na kila kielelezo unachokiambatisha ni lazima kitiwe alama na kupigwa muhuri wake. Baada ya kuwasilisha, mkabidhi mke wako nakala kupitia mtu anayeruhusiwa kisheria kukabidhi hati za mahakama, kisha mtu huyo aape hati ya kuthibitisha kwamba amefanya hivyo. Usimpelekee wewe. Ukimpelekea mkononi umeshamkaribia, na amri unayoomba ibadilishwe itakuwa imevunjwa na ombi lenyewe.

Kiini cha hati yako ya kiapo ni mabadiliko. Hakimu anajua ni kwa nini amri ilitolewa, maana faili iko mbele yake, na anachotafuta ni kilichobadilika tangu siku ile. “Tumeelewana” ni neno jepesi mno. Kama chanzo kilikuwa pombe, ambatisha barua ya kituo ulikotibiwa, ionyeshe tarehe ulizohudhuria. Kama mmepata ushauri wa ndoa, ambatisha barua ya mshauri. Maandishi ya kikao cha wazee yanasaidia, mradi yataje tarehe, waliokuwapo na yaliyokubaliwa, na yawe na sahihi za pande zote mbili.

Mke wako naye aape hati yake mwenyewe. Aiandike kwa maneno yake, akisaidiwa na mtu asiyekuwa wewe wala wakili wako. Tarajia kwamba hakimu atataka kumsikia ana kwa ana, pengine bila wewe kuwepo chumbani, ili ajiridhishe kwamba halazimishwi. Ndiyo maana barua ya pamoja iliyochapwa na mume na kutiwa sahihi na mke huangukia patupu: hakimu akiitazama haoni dalili yoyote kwamba mke ameongea kwa hiari.

Kuna mtego mmoja ambao watu huutumbukia wakidhani wanajenga hoja. Wanaapa hivi: “Tumekuwa tukiishi pamoja kwa amani tangu Januari.” Kama amri ilikuwa inakataza hilo, umekiri kosa kwa kiapo. Ikiwa tayari umesharudi nyumbani, ondoka leo, na uzungumze na wakili kabla ya kuandika sentensi hata moja.

Tungekushauri pia usiombe amri yote ifutwe kwa mkupuo. Hakimu anayefuta amri hubeba mzigo wa lolote litakalotokea kesho yake, na kwa haki kabisa husita. Omba ibadilishwe kwa hatua: kwanza mruhusiwe kuongea kwa simu, kisha kutembelea nyumbani mchana kwa siku zilizotajwa, kisha kurudi kuishi, huku aya inayokataza vitisho na kipigo ikibaki palepale. Mume anayekubali aya hiyo ibaki anamwonyesha hakimu jambo ambalo hoja za wakili haziwezi kuonyesha. Kufutwa kabisa kutaombwa baadaye, miezi kadhaa ya utulivu ikishapita.

Uamuzi ukitoka kwa upande wako, usirudi siku hiyohiyo kwa sababu tu umesikia hakimu akitamka. Subiri nakala ya amri mpya iliyopigwa muhuri, peleka nakala moja kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi kilichopewa amri ya kwanza, na nyingine utembee nayo. Polisi wa zamu huenda na kilicho kwenye jalada lao, na kama jalada lina amri ya zamani tu, utalala ndani hadi mambo yafafanuliwe.

Mwanangu haruhusiwi kufika bomani, na mimi ni mgonjwa

*Kijana wangu ameshtakiwa kwa kumjeruhi binamu yake. Aliachiliwa kwa dhamana kwa sharti kwamba asikutane na mashahidi wala kuwakaribia, na mashahidi wawili wanaishi katika boma letu. Sasa ni miezi minne analala kwa rafiki mjini. Mimi nina ugonjwa wa figo na yeye ndiye aliyekuwa akinipeleka kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Naweza kumwombea afueni? – Mama mgonjwa, Machakos*

Pole sana, mama. Mwenye haki ya kuomba ni kijana wako, kwa kuwa masharti ni yake. Lakini ushahidi wako ndio utakaobeba ombi, kwa hivyo uape hati yako ya kiapo na kuambatisha kadi ya kliniki, ratiba ya kusafishwa damu na barua ya daktari inayosema kwamba hupaswi kusafiri peke yako.

Katiba, ibara ya 49(1)(h), inataka mshukiwa aachiliwe kwa masharti yenye busara, isipokuwa kuna sababu nzito za kumnyima. Sharti lililokuwa na busara siku ya kwanza linaweza kukosa busara baadaye hali ikibadilika, na mahakama iliyoliweka ina uwezo wa kulitazama upya. Katika mahakama ya hakimu, kijana au wakili wake anaweza kuomba kwa mdomo siku kesi inapotajwa. Hakimu huenda akamwomba kiongozi wa mashtaka ajibu papo hapo, au akaagiza ombi liandikwe rasmi. Sisi tunapendelea liandikwe, kwa sababu vielelezo vya hospitali vinahitaji kuingia kwenye faili. Na kama hakimu atakataa, Mahakama Kuu itakuwa na kitu cha kusoma.

Ombi hili hushinda au kushindwa kwa swali moja: upande wa mashtaka unahofia nini? Unahofia mashahidi wasije wakatishwa au wakabembelezwa wabadilishe maneno. Ombi likitaja ugonjwa wako tu na kukaa kimya kuhusu hofu hiyo, litapingwa. Kwa hivyo toeni mpango kamili ndani ya ombi lenyewe. Kwa mfano: kila Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi, kijana atakuja hadi lango la boma na hataingia ndani, atakuchukua akiwa pamoja na mtu mzima asiye shahidi, ambaye jina na nambari yake ya simu vimetajwa, jioni atakushusha palepale langoni na kuondoka. Siku nyingine zote, sharti la awali linabaki kama lilivyo. Mpango wa aina hii kiongozi wa mashtaka anaweza hata kukubali bila ubishi, akishazungumza na afisa mpelelezi.

Mwathiriwa naye atasikizwa. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inataka usalama wake na wa familia yake uzingatiwe masharti ya dhamana yanapopangwa. Msijaribu kabisa kwenda kumwomba binamu “asipinge”. Nia yenu inaweza kuwa njema, lakini kwa mahakama hiyo ni kuingilia shahidi, na dhamana inaweza kufutwa. Pia mwambieni mdhamini kabla ya kuomba. Yeye ndiye aliyeweka hati ya shamba au gari lake, na masharti yakivunjwa mali hiyo inaweza kutwaliwa. Anastahili kujua ratiba mpya ni ipi.

Kuna njia nyingine ambayo mawakili wengi huisahau. Muiombe mahakama mashahidi hao wawili watangulizwe kutoa ushahidi. Wakishahojiwa na kumaliza, sababu kubwa ya kuwalinda dhidi ya kushawishiwa huwa imepungua sana, na ombi la pili la kulegeza sharti litakuwa na nguvu hata kama la kwanza lilikataliwa.

Hakimu akikataa kabisa, Mahakama Kuu ina mamlaka ya kupitia uamuzi huo chini ya vifungu vya 362 hadi 364 vya Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, Sura ya 75. Kifungu cha 123(3) pia kinaipa uwezo juu ya dhamana zilizowekwa na mahakama za chini.

Anaomba amri ifutwe na mimi bado naogopa

*Nina amri ya ulinzi dhidi ya mwanamume niliyekuwa nikiishi naye. Ijumaa nimeletewa karatasi kwamba anaomba ifutwe kwa sababu “hakuna tukio lolote tangu itolewe”. Si kweli. Familia yake nayo inanisukuma niondoe kesi. Nisipojibu itakuwaje? – Dada wa Nakuru*

Usinyamaze, dada. Usipojibu na usipofika, yeye ataonyesha hati ya kiapo kwamba ulikabidhiwa karatasi, na hakimu anaweza kusikiliza upande mmoja na kuamua. Angalia tarehe ya kusikizwa kwenye karatasi uliyoletewa, kisha uwasilishe hati ya kiapo ya kujibu mapema iwezekanavyo ili hakimu aisome kabla ya siku hiyo.

Ndani ya hati hiyo panga matukio kwa tarehe, moja baada ya jingine, bila matusi na bila historia ya ndoa nzima. Yaliyotokea kabla ya amri kutolewa tayari yako kwenye faili. Hakimu anahitaji yaliyotokea baada yake: alikupigia mara ngapi, alifika wapi, nani aliona. Kila uliporipoti polisi, taja nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na kituo. Kama una ujumbe wa simu, piga picha ya skrini inayoonyesha nambari yake, tarehe na saa, na usiufute ujumbe wenyewe kwenye simu. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kwa kifaa gani. Ushahidi mwingi mzuri umetupwa nje kwa kukosa karatasi hiyo ya ukurasa mmoja.

Ujumbe wa M-Pesa nao ni mawasiliano. Mtu anayekutumia shilingi 10 kila usiku ili tu jina lake litokee kwenye simu yako anawasiliana nawe, na orodha ya miamala ni ushahidi safi.

Na hata kama ni kweli kwamba hakukutokea kitu, hoja yake haijakamilika. Utulivu unaweza kuwa ndiyo kazi ya amri yenyewe. Mwambie hakimu hivyo waziwazi, ueleze pia ni nini kinachokufanya uamini kwamba amri ikiondolewa hali itarudi ilivyokuwa. Kama amri yako ina tarehe ya mwisho na inakaribia, usisubiri ombi lake liamuliwe. Wasilisha ombi lako la kuongezewa muda kabla tarehe hiyo haijafika, maana amri iliyokwisha haiongezwi, utaanza upya.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: ombi lake kuwa mahakamani halisimamishi amri. Hadi uamuzi utoke, kila neno la amri linaendelea kutumika. Akikufuata kesho akisema “nimeshaenda kortini”, piga ripoti kama kawaida.

Kuhusu shinikizo la “kuondoa kesi”, tenganisha mambo mawili. Amri ya ulinzi wewe unaweza kuomba ibadilishwe au ifutwe, ukitaka. Kesi ya jinai, kama ipo, iko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na hata yeye hawezi kuisitisha bila ruhusa ya mahakama, kulingana na ibara ya 157(8) ya Katiba. Kifungu cha 176 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinaruhusu mahakama kuhimiza mapatano katika makosa madogo ya kibinafsi, kama shambulio la kawaida, ila si katika makosa makubwa. Makosa ya kingono hayamalizwi nyumbani hata kidogo. Anayekuja na pesa ili “ukaondoe” anakuomba kitu ambacho huna uwezo wa kumpa, na anaweza kuwa anatenda kosa jipya.

Kama huwezi kulipa wakili, jaribu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, au FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake. Nambari 1195 hupigwa bila malipo kwa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Kama kukaa naye chumba kimoja kunakutia hofu, omba kupitia masjala usikizwe kwa njia ya video. Ombi hilo si la aibu na hakimu halichukulii kama udhaifu.

Nataka kuona watoto wangu tu

*Amri inasema nisimkaribie mama watoto wala nyumba yake wala shule ya watoto. Simtaki yeye, nataka watoto. Je, niombe amri ifutwe? – Baba, Thika*

Hapana. Ukiomba ifutwe utapigana vita vikubwa kuliko unavyohitaji. Omba aya moja tu ibadilishwe. Ibara ya 53(2) ya Katiba na Sheria ya Watoto ya 2022 zinaweka maslahi ya mtoto mbele, kwa hivyo andika ombi kwa upande wa watoto: umri wao, mara ya mwisho mlipoonana, nani atakuwepo, watakula na kupumzika wapi. Mahakama inaweza kuagiza afisa wa watoto aandike ripoti kabla ya kuamua. Mpokee kwa heshima, mwonyeshe unapoishi, na usitumie ziara yake kumlalamikia mama yao.

Maneno ya ombi yawe sahihi kiasi kwamba polisi ambaye hajawahi kuwaona aweze kuyasoma na kujua kama uko sawa au umekosea. Kwa mfano:

*“Kwamba aya ya 3 ya amri ya tarehe ______ ibadilishwe ili mjibu ombi aruhusiwe kuwachukua watoto kila Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi, saa tatu asubuhi, katika ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, na kuwarudisha hapohapo saa kumi jioni, kwamba mipango yote ya siku hizo ipitie kwa shangazi wa watoto, kwa ujumbe mfupi wa simu pekee, na kwamba aya nyingine zote za amri zibaki bila kubadilika.”*

Kabla ya kuiandika hivyo, hakikisha kwamba ofisi unayoitaja hufunguliwa siku hizo; kama haifunguliwi, chagua mahali pengine pa wazi penye watu. Linganisha na ombi tulilolisoma katika barua yako, linalosema “aruhusiwe kuwaona watoto kwa wakati unaofaa”. Unaofaa kwa nani? Saa ngapi? Mama yao akikataa utafanya nini? Maneno yasiyo na mipaka huzaa ugomvi, na wewe ndiwe utakayeshikwa.

Usiwatumie watoto kupeleka ujumbe kwa mama yao, hata wa karo. Amri nyingi hukataza mawasiliano ya moja kwa moja na yanayopitia kwa mtu mwingine. Mtoto ni mtu mwingine.

Probesheni na kazi mpya

*Niko kwenye probesheni ya miaka miwili. Sharti moja ni nisitembee na vijana watatu tuliokamatwa pamoja. Nimepata kazi kwenye gereji, na mmoja wao anafanya kazi hapo. Afisa wangu amesema “sawa tu, endelea”. Inatosha? – Fundi, Nairobi*

Haitoshi. Afisa wa probesheni anasimamia masharti, lakini mwenye kuyabadilisha ni mahakama. Akihamishwa kesho, afisa mpya atakuta kwenye faili sharti lililovunjwa, na mahakama inaweza kukuita na kukuhukumu kwa kosa lile la kwanza.

Habari njema ni kwamba afisa anayekuunga mkono ndiye nguvu yako kubwa. Mwombe aandike ripoti kwa mahakama inayopendekeza mabadiliko. Wewe leta barua ya mwenye gereji ikitaja saa zako, kazi yako, na kama mwenzako anaweza kupangiwa zamu tofauti. Omba sharti lisomeke hivi: mnaruhusiwa kuwa mahali pamoja saa za kazi na kwa shughuli za kazi tu. Nje ya hapo, marufuku inaendelea. Chini ya sheria yetu probesheni haipungui miezi 6 wala kuzidi miaka 3, kwa hivyo una muda wa kujenga rekodi nzuri. Mtu aliyefuata masharti yote kwa muda mrefu anaweza pia kuomba aachiliwe mapema, na ripoti hiyohiyo ya afisa ndiyo itakayoamua.

Majibu mafupi

*Nikikata rufaa, amri inasimama?* Hapana. Rufaa ya jinai kutoka kwa hakimu inapaswa kukatwa ndani ya siku 14, lakini kuikata hakusimamishi masharti. Ni lazima uombe kusimamishwa kwa ombi tofauti. Na usichanganye mambo: rufaa inasema hakimu alikosea siku ile, ombi la kubadilisha linasema hali si ile tena. Ukipeleka hoja za rufaa kwenye ombi la kubadilisha, hakimu atakwambia hawezi kukaa kusikiliza rufaa dhidi yake mwenyewe.

*Hakimu aliyetoa amri amehamishwa. Nimfuate?* La. Amri ni ya mahakama na faili hubaki kituoni. Hakimu aliyepo ataisoma na kusikiliza ombi lako. Ila kwa kuwa hakukuwapo mwanzoni, hati yako ya kiapo iwe na maelezo kamili.

*Tuko kwenye kundi moja la WhatsApp la familia.* Kama amri inakataza mawasiliano ya aina yoyote, toka kwenye kundi. Harambee na misiba utaarifiwa na ndugu mwingine. Kukaa humo kimya si salama, kwa sababu siku utakapoitikia tangazo la mazishi yeye atausoma ujumbe wako.

*Nilipanda matatu nikamkuta ameketi ndani.* Shuka kituo kinachofuata bila kuzungumza naye. Andika saa, njia, nambari ya gari na jina la mtu aliyekuwa nawe, na siku hiyohiyo mwarifu wakili au afisa wako. Kukutana kwa bahati na kuondoka mara moja ni jambo linaloelezeka. Kuketi nyuma yake hadi mwisho wa safari ni vigumu kulieleza.

*Ombi langu limekataliwa. Naweza kurudia?* Ndiyo, lakini uwe na jambo jipya. Ukirudisha karatasi zilezile mwezi ujao, zitatupwa na huenda ukalipishwa gharama za upande wa pili. Soma uamuzi, utafute aya ambayo hakimu anaeleza kilichokosekana, kisha ukatafute hicho.

*Mahakama iko mbali nami na sina nauli ya kwenda mara kwa mara.* Uliza masjala kuhusu kuwasilisha hati kwa mtandao na kusikizwa kwa video siku za kutajwa. Siku ya kusikizwa kwenyewe, hasa kama utahojiwa juu ya hati yako ya kiapo, jitahidi ufike.